Kitalu cha Bi Mafunda

Kipanzi, mashine ya kupanda mboga, kilishuka kutoka angani bila kelele, kikatua uani kwa Bi Mafunda na kuchomeka miguu yake sita ardhini. Kila mguu ulikuwa na kihisi cha kuonja udongo: unyevu, chumvi, joto. Masika yalikuwa yanaishia, jua la Tanga limeanza kurudisha makali yake, na huo ndio wakati wa bamia, mchicha na biringanya. Kufumba na kufumbua bustani ilikuwa imepandwa, kila mche na kivuli chake. Mhandisi Sikudhani Shemdoe, aliyekibuni, aliitazama kazi hiyo kwenye kioo cha kompyuta ofisini, moyo ukamjaa fahari. Mji mzima sasa ulikula mboga za uani, na hakuna aliyeumwa mgongo.

Jioni shangazi yake, Bi Mwanahamisi, alimpigia simu.

"Mafunda kaanguka jikoni tangu asubuhi. Kavunjika nyonga. Tumemkuta alasiri hii."

"Lakini asubuhi kipanzi kilikuwa hapo, shangazi."

"Kilikuwepo. Anasema alikiita mpaka sauti ikamkauka. Kikamaliza kupanda, kikaenda zake."

Sikudhani aliona aibu, na aibu hiyo ilimfuata mpaka hospitali.

"Nitakitia masikio," alimwambia shangazi yake kwenye baraza la wodi. "Akili unde yake itaitambua sauti ya mtu anayeomba msaada."

"Kitie, mwanangu. Lakini zamani kitalu cha biringanya kilikuwa kwa Mafunda, cha nyanya chungu kwangu. Mche wa kununua haushiki, tukisema; mche ni wa kuomba. Msimu kama huu ningeamkia kwake. Sasa kila mtu ana kila kitu, nani aende kwa nani? Ukuta wetu ni mmoja, na sijui mara ya mwisho nilimwona lini."

Kesho yake Sikudhani alirudi ofisini. Alivitia vipanzi masikio, kisha akaviagiza viache tuta moja tupu katika kila ua, na miche ya tuta hilo vioteshe kwa jirani. Mkuu wa halmashauri alikuja juu.

"Mashine nzima, unataka ifanye kazi pungufu?"

"Nipe msimu huu mmoja, mheshimiwa. Watu wakikosa mboga, nifukuze."

Siku za mwanzo simu za malalamiko zilimiminika, naye akazipokea mwenyewe, moja moja. Halafu zikapungua.

Bi Mafunda aliporudishwa nyumbani, Sikudhani alikwenda kumjulia hali. Aliukuta mlango wazi na wanawake wawili uani wakichimbua miche ya biringanya, shangazi yake kasimama karibu nao, huku mgonjwa akiwagombeza kutoka kitandani.

"Msiing'oe ile ya pembeni. Na wewe Mwanahamisi, jana umechukua, leo umefuata nini tena?"

"Leo sikufuata mche," shangazi alijibu, akavua kandambili zake mlangoni na kuingia ndani.