Waya wa Tatu

Uyole siku ya gulio haina adabu. Malori ya mahindi yanapiga honi, makuli wanatukanana, vumbi linakaa kwenye meno. Katikati ya hayo yote, Juni ya mwaka sabini na tano, Severina Kalinga alisimama na gauni la kitenge cha njano na sweta la kijivu, amekumbatia betri ya gari kama mtoto mchanga.

"Dada, tindikali hiyo itakutoboa gauni," alisema kijana mrefu aliyevaa bugaluu.

"Afadhali gauni langu. Suruali yako imeshafagia soko zima."

Kijana alicheka, akampokea betri. Jina lake Masunga Budeba, fundi redio, Msukuma ambaye baba yake alihamia Usangu na ng'ombe. Nyumbani kwake Ilomba alikuwa na redio ya mawasiliano, kaiunda mwenyewe na leseni anayo. Kila saa moja asubuhi aliziita zahanati za milimani moja moja, aulize nani ana mgonjwa wa kusafirishwa. Kila kituo kilijibu neno moja: "Nipo."

"Betri hii ya nini?" aliuliza.

"Ya redio. Iringa nimeikosa. Niko zahanati ya misheni, ng'ambo ya Tosamaganga."

Masunga alisimama ghafla. "Ndiyo wewe unayesema 'Nipo' kama unagombana?"

"Ndiyo wewe unayekohoa kabla ya kunisalimia?"

Miezi mitano walikuwa wakisikilizana bila kujuana sura. Mapenzi yakaanzia hapo, na vituo vyote vikayasikia, maana redio haina siri. Agosti Masunga alimtuma mshenga, mzee Gideoni, na barua ya posa. Baba yake Severina akasema atatoa jibu Jumapili ya kwanza ya Oktoba.

Septemba, asubuhi moja ya ukungu mzito, sauti ya Masunga ilibadilika.

"Severina, uko na nani hapo?"

"Peke yangu."

"Rudia."

"Peke yangu, mpenzi. Una nini leo?"

Akaita kituo kingine. Kesho yake aliuliza tena, na keshokutwa. Wiki iliyofuata alimwita kama anavyoita vituo vingine, bila salamu. Kisha mzee Gideoni akaja, akaomba barua iwekwe kando kwanza.

Severina hakulia. Alipanda basi mpaka Iringa mjini, akakaa posta saa nzima akingoja simu iunganishwe na karakana ya Masunga.

"Nimekukosea nini?"

"Kila ukisema 'Nipo', mwanamume nyuma yako naye anasema 'Nipo'. Sauti nzito, ya mtu aliyetoka usingizini. Saa moja asubuhi, Severina. Ni nani huyo?"

"Hakuna mtu!"

"Nina masikio."

"Una masikio ya mwongo. Ukimchoka mtu, sema umemchoka." Akakata simu.

Siku tatu Masunga alitembea na hasira. Siku ya nne alikumbuka jambo ambalo hata fundi mwanafunzi analijua: ukibonyeza kitufe useme, spika yako inazima. Anayesema hasikii. Kama sauti iliingilia kwenye nyaya, si chumbani, Severina hakuweza kuisikia. Ijumaa, siku mbili kabla ya Jumapili ya jibu, alifika zahanati na mfuko wa vifaa, ukungu ukiwa bado umelala kwenye mabati.

Severina hakumpa kiti. "Umekuja kumtafuta bwana wangu? Angalia chini ya meza."

Masunga akaangalia chini ya meza. Nyuma ya redio, nyaya tatu zilikuwa zimesokotwa kwenye skrubu moja.

"Hizi zinakwenda wapi?"

"Kwenye spika za nyumbani, tusikie tukiitwa. Mmoja kwa muuguzi Marta, mmoja kwangu. Septemba zililegea, nikazikaza zote."

"Na wa tatu?"

Severina hakujua. Marta, aliyekuwa akichemsha sindano, alijibu bila kugeuka. "Nyumba ya Marcelino. Ndiye alikuwa kwenye redio kabla yako. Alifia humo mwaka sabini na tatu. Tangu hapo imefungwa."

Masunga alisimama nje ya mlango na kipokezi chake kidogo sikioni. "Bonyeza, useme."

"Nipo," alisema Severina.

Masunga alirudi, akachomoa waya wa Marta. "Tena." Akachomoa wa Severina. "Tena." Akachomoa wa tatu. "Tena." Akaurudisha wa tatu, "Tena," na safari hii Severina alimwona akitoa kipokezi sikioni taratibu, kama kimemuunguza.

"Sauti inakuja na waya huu. Spika kuukuu ikiungwa vibaya hugeuka sikio," alisema. "Inasikia yaliyo ndani ya nyumba ile na kuyarusha hewani."

"Ndani ya nyumba ile hakuna kitu."

"Nakwenda kuona."

Marta akampa ufunguo. Severina alivaa visikilizio, akageuza swichi asikilize waya wa tatu. Alisikia kufuli, mlango, viatu vya Masunga.

"Seve, unanipata? Kuna kitanda cha kamba na kalenda. Chini vumbi, na nyayo zangu tu. Hamna mtu."

Kisha, karibu zaidi kuliko Masunga, mtu alivuta pumzi.

"Nipo."

"Seve?" Masunga aliendelea, sauti tulivu kabisa. "Nimesema hamna mtu."

Severina alikimbia uani. Alimkuta mlangoni akikung'uta bugaluu.

"Amekujibu!"

"Nani? Sijasikia kitu. Nilikuwa peke yangu."

Masunga aligeuka akakitazama kitanda, kisha akamgeukia Severina.

"Umesikia," alisema. "Basi yupo."

"Hutaki hakikisho?"

"Nililitaka mwezi mzima, nikavunja posa. Silitaki tena."

"Nami nilikuita mwongo."

"Wa masikio tu."

Masunga aliukata waya. Marta alifunga kufuli akiwa ameuelekea mlango, akarudi kinyumenyume mpaka barazani.

"Sasa kamwambie baba barua irudi mezani," Severina alisema. "Mshenga ulimsimamisha mwenyewe. Mimi sibebi maneno yako."

Walishika njia ya mashambani, ukungu ukiwafunga mbele na nyuma. Walitembea wameshikana mikono, wala hakuna aliyeangalia nyuma.

"Akiniuliza nilimkuta nani mle ndani?"

"Sema hukukuta mtu."

"Na akikuuliza wewe?"

"Nitasema nilimsikia."

"Tutapingana mbele ya mzee?"

"Tutapingana," alisema Severina, akamkaza mkono. "Ila ukimwona ananicheka mimi, hapo ndipo useme unaniamini. Useme kwa sauti, mama naye asikie jikoni."