Kipande Kilichobaki Ukutani

Saa mbili na dakika kumi asubuhi, siku ya ufunguzi wa maonyesho, mlinzi wa ukumbi aliwasha taa akakuta picha ya kumi na nne imechanwa. Picha zilikuwa ishirini na tatu, kila moja ndefu kama mlango, zimepigiliwa misumari pembe nne. Kila picha ilimwonyesha mzazi au ndugu wa mtu aliyeuawa, ameketi nyumbani, ameshika kitu cha marehemu. Ya kumi na nne ilikuwa ya mama wa fundi simu aliyenyongwa dukani kwake, viatu vya mwanawe mapajani. Sasa mama hakuwepo, wala viatu. Juu kilibaki kipande cha shubiri mbili, bado kimeshikwa na misumari yake.

Inspekta alikuwa ameishika kesi ya fundi kwa siku thelathini na nane, na hakuwa na mtuhumiwa. Duka lilikutwa limefungwa kwa nje, ufunguo haukuonekana, polisi wakaingia kwa kuvunja dirisha. Jumatatu jalada lingefungwa.

Alimkuta mpiga picha akiupiga picha ukuta ule. Akamuuliza kama ameichana mwenyewe ili watu waje.

"Wafu ishirini na watatu, Afande, ukumbi unajaa wenyewe," alijibu. "Ila kwa kweli, hivi imependeza zaidi."

Wengine wote walimtaja Mwalimu, mzee mstaafu ambaye binti yake alichomwa kisu akaporwa simu. Picha yake ilikuwa ya kumi na tatu. Jana jioni, familia zilipoitwa kutazama kabla ya wageni, aligoma binti yake kupakana na fundi, aliyemwita mnunuzi wa simu za wizi.

Saa nne Mwalimu alihojiwa. Hakukana neno. Siku fundi alipouawa, alisema, saa tisa mchana fundi huyo alimpigia: ameletewa simu aifungue, ndani ameona picha za binti yake, aje aichukue. Mwalimu alifika saa kumi, akakuta duka limefungwa. Akajua amechezewa.

"Kwa nini hukutuambia?"

"Mngepata mtuhumiwa. Mimi."

Inspekta alimsimamisha mbele ya picha, akamwambia anyooshe mkono. Vidole vilivuka misumari ya juu.

"Nenda nyumbani, Mwalimu. Wewe ungeanza na ile ya juu."

Watu wote walikuwa wakiuliza mwizi kachukua nini. Inspekta aliuliza kashindwa kuchukua nini. Kwenye kipande kilichobaki palionekana dari na, juu ya mlango, msumari uliotundikwa ufunguo ulioviringishwa waya wa buluu. Wateja wa fundi walikuwa wameutaja waya huo kwenye ufunguo wa duka. Picha ilipigwa nyumbani kwa mama siku tatu baada ya mazishi.

Saa saba Inspekta alilipekua tena duka. Simu ya binti ilikuwa ndani ya redio mbovu.

Saa tisa alifika kwa mama. Kaka mkubwa wa fundi, dereva wa lori aliyeitwa Mlingoti kwa urefu wake, alikuwa akimfunga mama kitambaa cha kichwa. Mabega ya mama yaliganda miaka minne iliyopita. Mikono yake haikupita kifua. Msumari wa juu ya mlango ulikuwa mtupu.

Inspekta aliweka simu mezani. Mlingoti aliitazama, akaendelea kufunga kitambaa. Mama ndiye aliyetoa ufunguo mfukoni.

"Nimemuua mimi," alisema. "Na picha nimechana mimi, jana wenzangu walipotoka."

"Mama, usiseme hivyo," alisema Mlingoti. Akafikiri. "Lakini kama ndiye, Afande, basi ndiye."

"Picha nakubali," Inspekta alimwambia mama. "Fundi, hapana."

"Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Mmoja nimeshamzika. Huyu ndiye anayenivisha."

"Ufunguo ulitundikwa pale juu. Kuuangusha kwa fimbo unaweza. Utundike tena."

Mama aliomba kiti. Alipanda kwa magoti, akasimama, akainua mkono. Ukaishia kifuani. Akainama upande, akasukuma kiwiko kwa mkono wa pili, machozi yakimtoka. Kitambaa kikaanguka.

"Jitahidi, Mama," Mlingoti alisema taratibu.

"Inatosha," alisema Inspekta, akatoa pingu.

Mlingoti alieleza mwenyewe, kama anayelalamikia barabara mbovu. Alimpora binti, binti akapiga kelele. Mdogo wake aliitambua sura ya binti simuni, akakataa kuirudisha simu. Baada ya kumnyonga hakuiona, akafunga duka, akauweka ufunguo pasipofikiwa na mama mpaka polisi waondoke dukani, arudi kuitafuta simu.

"Na siku ya picha?"

"Mpiga picha aliomba mtu mrefu amshikie taa," alisema. "Nikamshikia."

Mama alikuwa angali juu ya kiti, kichwa wazi.

"Afande, mfungue kidogo," alisema. "Anifunge kitambaa."

Inspekta alitazama saa, akaandika: saa kumi kasoro dakika tano. Hakumfungua.