Shimo la Kona ya Nne

Kila alipotoka shuleni, Ritha alivua sare, akala ugali wa mtama na mlenda, kisha akachukua sululu na kwenda kwenye kiwanja cha nyumba yao mpya. Alikuwa darasa la sita. Aliishi kijijini Zuzu na baba yake, Elisha, na bibi yake, Emiliana. Mama yake alikuwa amefariki. Tembe lao, nyumba ya udongo ya paa bapa, lilikuwa limechakaa, paa likivuja, na bibi alikuwa mgonjwa wa kifua.

Zamani Elisha alifanya kazi kwenye kambi ya watalii, akajifunza kujenga nyumba za magogo. Sasa alitaka kujijengea yake kabla ya mvua za Desemba. Magogo ya mkaratusi yalikuwa yamekwisha kukauka, ila msingi ulimsumbua. Alifikiria kuyachimbia ardhini, kama nguzo za tembe. Fundi Nurdini, mzee wa Kondoa aliyehamia Zuzu, alimkataza. Alisema mchwa wangeyamaliza, tena udongo mweusi wa pale huvimba ukilowa na kupasuka ukikauka. Alishauri nguzo fupi za mawe kila kona, zianzie kwenye changarawe ngumu iliyo chini ya udongo huo na kutokeza juu ya ardhi.

Baba alishinda akipasua mawe, kwa hiyo Ritha ndiye aliyechimba mashimo. Katika kona tatu alifika kwenye changarawe shimo likiwa na kina cha kiuno chake. Kona ya nne ilikuwa tofauti. Alichimba siku mbili, viganja vikatoka malengelenge, na bado udongo ulikuwa mweusi. Siku ya tatu alichota changarawe kutoka shimo jingine, akaimwaga humo na kuishindilia kwa miguu.

Jioni baba alichungulia, akamwuliza kama amefika chini.

"Nimefika, baba," Ritha alijibu.

Baba alimshukuru. Ritha hakuweza kumtazama usoni.

Baba na Nurdini walijenga, nyumba ikaezekwa mapema Desemba, wakahamia. Mwezi Januari mvua ilinyesha siku tatu mfululizo. Asubuhi ya siku ya nne nguzo ya kona ile ilididimia, magogo yakaachana, na mlango ukakwama, bibi akiwa ndani peke yake. Walimsikia akikohoa huku baba akiuvunja mlango kwa shoka.

Walirudi kwenye tembe linalovuja. Baada ya wiki moja bibi alilazwa kwa homa ya mapafu. Majirani walisema Nurdini si fundi tena, kazeeka. Mtu mmoja wa mtaa wa Ipagala, aliyekuwa amempa kazi ya kujenga, akamwachisha kazi hiyo.

Nurdini alikuja kuitazama nguzo. Aliinama pale kwa muda mrefu, kisha akamwambia Elisha kwa sauti ya chini kwamba huenda alikosea kuusoma udongo, amsamehe.

Ritha, aliyesimama kando yao, hakuvumilia. "Babu, hukukosea," alisema. "Mimi sikufika chini. Ile changarawe niliimwaga mwenyewe."

Baba hakumpiga wala kumfokea. Aliketi juu ya gogo, akainamisha kichwa. Ritha aliona afadhali angechapwa.

Mvua ilipopungua waliinua kona ile kwa jeki ya lori, wakachimba upya. Changarawe ilikuwa futi mbili tu chini ya pale alipoishia Ritha. Walijenga nguzo mpya. Kisha baba akamchukua Ritha nyumba kwa nyumba, naye akaeleza ukweli kwa kinywa chake. Walifika hata Ipagala, lakini yule mtu alikuwa ameshapata fundi mwingine.

Bibi alitoka hospitali mwezi Machi. Alikuwa amekonda, na hakuweza tena kutembea bila kushikwa mkono. Ritha alimwomba radhi akilia. Bibi alimpapasa kichwa, akasema amemsamehe.

Siku hiyo Nurdini alikuja kumjulia hali mgonjwa. Ritha alimwamkia, akamwuliza kama bado ana hasira naye.

"Hasira zimekwisha," alisema mzee. "Kuchoka si kosa, mjukuu wangu. Ungesema umechoka, ningekuja na sululu yangu tukamalizia pamoja. Lakini ulisema umefika, na sisi tukajenga juu ya neno lako. Bibi yako akalala juu yake. Siku nyingine kazi ikikushinda, sema imekushinda. Utaona aibu kwa siku moja, lakini hakuna atakayeumia."

Ritha aliitikia, kisha akaenda kumshika bibi mkono ili atoke nje aote jua.