Jasho la Plastiki

Mwezi wa saba, Kamina hakuna unyevu popote. Vumbi hukausha hata mate mdomoni. Kwa hiyo Béthanie, fundi wa kushona viti na mapaa ya magari, alishangaa kidogo alipoona dirisha la nyuma la ile jeep likitoka jasho. Tena kwa ndani.

Lilikuwa dirisha la plastiki, lililoshonwa katika paa la kitambaa, lile ambalo kwao huitwa bashi. Bashi ilikuwa imechoka na kupasuka kwenye mikunjo. Plastiki ilikuwa ya manjano, kama ukucha wa mzee. Mwenye gari, Suzanne, mjane wa askari kutoka Base, kambi ya jeshi nje ya mji, alisimama mbali barabarani, leso puani.

"Mama Béthanie, utoshe yote. Utie ya mupya."

"Na hii ya zamani, utarudia kuibeba?"

"Hapana. Uichome."

Béthanie akacheka. "Kwani mutu alikufia humu?"

Suzanne hakucheka. "Uichome tu, mama."

Lakini nani mwenye akili atachoma plastiki nzito namna ile? Kamina, mke wa mwalimu anayejiheshimu hutandika plastiki juu ya kitambaa cha meza, wageni wasije wakakimwagia mchuzi. Béthanie alifumua mishono polepole, akatandaza bashi ya zamani chini, akakatia ile mpya juu yake kama kipimo. Plastiki mpya akailaza juani ilainike, akaishona. Ile ya zamani akaisugua kwa sabuni mpaka ikang'aa, akaitandika mezani kwake. Jeep ikaondoka na paa lake jipya.

Jioni ile waliandaa bukari, ugali wa kwao, na samaki wa mto Lualaba. Samaki alikuwa wa siku ileile, lakini meza ilinuka kama kinywa cha mgonjwa. Chini ya sahani plastiki ilikuwa imelowa. Jérémy, mume wake, mtu wa kunawa kabla ya kula na baada ya kula, akapitisha kidole pale, akakitia mdomoni.

"Baba Ariel, unafanya nini?"

"Iko na chumvi kidogo," akasema, kama anayesifu mboga.

Kesho yake hakugusa bukari. Alingoja mkewe aende jikoni, na Béthanie aliporudi na maji alimkuta mumewe, mwalimu anayefundisha watoto wa watu usafi wa mikono, ameinama na shavu juu ya meza, macho nusu wazi, ulimi wake mpana ukipita na kurudi juu ya plastiki kama ulimi wa ng'ombe, huku utelezi wa manjano ukimtiririka kidevuni na kuingia katika kola ya shati, na chini ya ulimi ule, katika plastiki, doa lililokuwa halipo jana likijichora taratibu: pua iliyobonyea, shavu, na mdomo uliofunguka.

Béthanie alitapika palepale mlangoni. Aliivuta plastiki, Jérémy akamng'ata mkono.

Kila siku alikonda. Mifupa ya mabega ikasimama kama chuma cha bashi. Béthanie aliona wazi kwamba mume wake anakwisha, akapanda pikipiki mpaka Base.

Suzanne alikuwa anawagombeza watoto kwa Kilingala, lugha ya askari. Alipomwona mgeni, akawafukuza wakacheze mbali.

"Haukuichoma," alisema.

"Uniambie, mama. Bwana yangu iko anakufa."

Suzanne akashusha sauti. "Bwana yangu naye alikuwa mugonjwa. Tulimulalisha nyuma, tumupeleke hospitali. Gari ikafa katika pori. Nilienda kutafuta makanika. Kurudia siku ya tatu, nikamukuta uso kwa dirisha, ulimi inje. Kiu na njaa, mama. Alilamba jasho ya plastiki mpaka roho ikatoka."

"Juu ya nini haukuniambia?"

"Nilikuambia uichome."

Wakati Jérémy amelala, Mama Mira, mama wa maombi aliyeitwa na Béthanie, aliifunga ile plastiki na bashi yake ya zamani pamoja, akamimina maji juu yake. "Unywe, baba," akanong'ona. "Unywe, uende." Kisha akaomba, akawasha moto nyuma ya nyumba. Plastiki haikuungua kama plastiki. Ilitokota, ikadondosha mafuta, ikalia taratibu kama mtu anayefyonza mfupa. Harufu ikapita ua, na jirani akauliza nani leo anachoma nyama tamu hivi.

Ilipobaki majivu, Jérémy akaamka, macho meupe, akaomba bukari. Alikula sahani nzima. Béthanie aliketi kando yake, machozi ya furaha yakimtoka, akamshukuru Mungu kimoyomoyo.

Jérémy akasogeza sahani. Akaushika mkono wa mkewe kwa upole, akaunusa, akaulamba kidole kwa kidole.

"Nazali na nzala naino," akasema. Bado nina njaa.

Ilikuwa Kilingala safi cha kambini, na Jérémy, Muluba wa Kamina, hakujua hata kusalimu kwa lugha ile.