Aliyechukua Mashini Akaacha Jina

Kilichoharibika kwanza kilikuwa ukurasa mmoja tu, ule wa jina. Kurasa nyingine mia mbili na zaidi zilikuwa shwari, maneno ya Kiholoholo, lugha ya wazee wa ziwani, upande huu, maana zake upande ule. Lakini mwalimu Isidore alipowasha mashini, kompyuta kuukuu ya mezani, saa nane mchana, umeme uliporudi, alikuta ukurasa wa kwanza umejaa vijiti, nukta na herufi zilizopinda. Jana yake alikuwa ameandika hapo kwa herufi kubwa: KIMETUNGWA NA MWALIMU ISIDORE. Maneno hayo hayakuwapo tena.

Alifuta uchafu ule, akaandika upya, akahifadhi. Akazima, akawasha. Uchafu ukawa umerudi.

"Umeme wa Kalemie huu," akajisemea.

Ni kweli umeme wetu ulikuwa na visirani vyake, hasa miaka ile ya mwisho ya Zaire. Lakini mimi ninayesimulia nakwambia, ukimwona mtu anausingizia umeme haraka hivyo, ujue ana lake moyoni.

Lake lilikuwa hili: kitabu hakikuwa chake. Kilikuwa cha kaka yake, Apollinaire, aliyezunguka vijiji vya ziwani miaka kumi na moja akiwauliza wazee maneno ambayo vijana hawayajui tena. Kwanza aliyaandika kwenye madaftari, kisha kwenye mashini aliyoachiwa na mzungu wa mradi wa uvuvi, aliyekimbia nchi mwaka wa uporaji. Madaftari yaliliwa na mchwa. Wazee nao wengi wameshazikwa. Maneno yote yalibaki ndani ya disque moja, sahani ya kumbukumbu ya mashini ile, hakuna pengine.

Kisha Apollinaire akaugua kifua. Watu wakanong'ona kwamba ni ule ugonjwa mpya, na baada ya miezi saba akafa. Siku ya kumaliza kilio ukoo ulimchagua Isidore arithi jina, kama desturi ilivyo: mmoja anapakwa unga, anaitwa kwa jina la marehemu, anakuwa baba wa watoto wake, ili marehemu awe na pa kukaa asizurure. Isidore alikataa mbele ya wote.

"Mimi ni Mukristo," alisema. "Mambo ya kipagani hapana."

Keshoye alifika na mkokoteni kwa mjane Marthe, kule mtaa wa Kataki, akabeba mashini. Jina likawa la kipagani, mashini ikawa ya Kikristo! Na sasa padri mmoja alikuwa anasafiri Jumamosi kwenda Lubumbashi, amekubali kupeleka kitabu kwa wachapaji. Isidore alitaka tu kubadilisha jina la mtungaji. Kitu kidogo, alijiambia, marehemu hasomi.

Siku ya pili uchafu ulikuwa umeingia kurasa tano. Siku ya tatu, kurasa thelathini, na ndani ya sanduku la mashini kukaanza kusikika mlio. Ko. Kimya. Ko, ko. Mlio mkavu, wa mtu anayejizuia kukohoa wageni wasisikie.

Adrienne, mkewe, alisimama mlangoni ameshika ufagio.

"Papa, umejipaka nini?"

"Sikujipaka kitu."

"Kuko harufu humu. Sawa majani ya mukaratusi wamepika na mafuta ya mawese."

Isidore alikuwa ameisikia tangu asubuhi, ila hakuijua. Alifungua dirisha upande wa ziwa, upepo ukaingia, mapazia yakapepea, na harufu ikabaki palepale juu ya kiti.

Alhamisi alimwita Omer, fundi wa redio wa gare, pale kituo cha treni, kijana mchangamfu aliyejifunza mashini hizi kwa kuzifungua na kuzifunga. Omer alikaza nyaya, akapuliza vumbi, akatega sikio kwenye sanduku.

"Papa Mwalimu, ulibeba hii namna gani kutoka kule?"

"Kwa mukokoteni."

"Ayi! Kwa ile barabara ya mashimo? Labda kichwa cha kusoma kimekwaruza disque. Tutaiuliza yenyewe."

Akaandika amri, mashini ikaanza kujikagua polepole, sehemu kwa sehemu. Wakati wanangoja, Omer alimweleza jambo ambalo Isidore hakulijua.

"Ukifuta kitu humu, Papa, hakiungui. Mashini inatoa tu jina lake kwenye liste. Maandishi yanabaki pale pale, hayana jina, hayana mwenyewe. Hii programu njo inayaokota, inayapa numero."

Isidore hakuwa na sababu ya kuwaza kilio, lakini aliwaza kilio, na jina alilolikataa.

Ukaguzi ulipokwisha, mashini ilitangaza kwamba imeokota vipande tisa. Omer akafungua cha kwanza akaanza kukisoma kwa sauti, bila kujua anachosoma.

"'Mudogo wangu Isidore. Leo Jumapili nimekuona ukipita kwenda misa. Kama una nafasi, ingia kidogo. Sitakushika mukono, usiogope. Niko nataka tu...'"

Omer akamtazama mwalimu, kisha akatazama vidole vyake mwenyewe. Isidore angetaka sakafu ipasuke immeze, kwa maana mji mzima ulimjua kuwa ndiye aliyewafundisha watoto amri ya kuwatembelea wagonjwa, na sasa kijana wa gare alikuwa ameisoma aibu yake kama tangazo la treni.

"Endelea," alisema, kwa sauti iliyomtoka vibaya.

Kipande cha pili, cha Jumapili iliyofuata. Cha tatu, cha nne. Zote barua fupi, zimeandikwa kisha zikafutwa, hakuna iliyotumwa. Nimekuona ukipita. Umenunua viatu vipya. Leo umepita na mutoto, amekuwa murefu. Kipande cha nane kilikuwa cha wiki ambayo Apollinaire alikufa, kina maneno mawili tu: Mudogo wangu.

"Kumebaki kimoja," alinong'ona Omer.

Akakifungua, na juu yake kulikuwa na tarehe ya leo.

"Hapana," alisema Omer. "Haiwezekani, Papa. Pile ya saa ya hii mashini, betri yake, imekufa, niliiona mwenyewe, haijui hata mwaka!"

Chini ya tarehe kukawa na maandishi, na maandishi yale hayakuwa yamekwisha, maana herufi zilikuwa zinajipanga moja baada ya nyingine huku kibodi imekaa bila mkono juu yake, na kila herufi ilipotokea kile kikohozi kikavu kilisikika sandukuni, ko, na harufu ya mkaratusi ikaongezeka mpaka macho yakawachoma, na jua la saa tisa lilikuwa linawaka nje, na kuku walikuwa wanaparua uani, na Adrienne alikuwa anatwanga majani ya sombe nyuma ya nyumba, kila kitu cha mchana kilikuwa mahali pake, nao wawili walikaa wameganda wakisoma: Mudogo wangu, leo umekaa karibu. Usisimame. Nimebaki inje, sina kwa kuingia.

Omer alikuwa wa kwanza kusimama. Mfuko wake wa bisibisi aliuacha mezani.

"Papa, disque ni nzima," alisema akirudi kinyumenyume. "Niliikagua yote, haina kidonda hata kimoja. Hii si kazi yangu. Tafuta wazee."

Wazee maana yake Mama Pélagie, shangazi wa ndugu wale wawili, ambaye ndiye hupaka unga katika ukoo ule. Isidore alimwendea jioni ileile, akamweleza kwa kichwa chini. Bibi yule hakushangaa hata kidogo.

"Ulibeba kitu cha mufu, jina lake ukaliacha mulangoni," alisema. "Ulitaka akae wapi? Amefuata kitu chake. Kesho nitakuja na watu. Nitakuja na Marthe na watoto."

"Shangazi, Marthe hapana."

"Marthe njo wa kwanza."

Ijumaa mchana ukoo ulijaa uani. Marthe alifika na watoto wake watatu, akavuka kizingiti cha nyumba, akasimama ghafla na kushika mlango.

"Nani alipika dawa humu?" aliuliza. "Hii njo dawa nilikuwa ninamupaka kifuani. Kila siku, miezi saba."

Ndugu wote waliijua harufu ile, wote walikuwa wameingia chumba cha mgonjwa angalau mara moja. Waligeuka wakamtazama Isidore, ambaye siku hizo zote alikaa nayo na hakuitambua.

Mama Pélagie alimketisha kwenye mkeka, bakuli la unga mkononi.

"Sema mbele ya watu. Unga haukamate juu ya uongo."

"Nilikuwa na kazi nyingi," alianza Isidore. "Masomo, parokia. Sikujua kama ananiita."

Ndani ya nyumba kikohozi kilianza. Umeme ulikuwa umekatika tangu asubuhi, mashini imezimwa, hata waya wake umechomolewa, na bado kilisikika, ko, ko, ko, na watu wa nyuma wakaanza kusogea kuelekea barabarani, na mtoto mmoja wa Marthe akasema kwa sauti ndogo, "Papa."

Isidore akaziba uso kwa mikono.

"Nilikuwa ninamuona," alisema. "Kila Jumapili alikuwa pa dirisha. Niligeuza uso upande wa ziwa, nikajifanya ninaangalia mitumbwi. Niliogopa ugonjwa, na niliogopa watu waseme ni wa kwetu. Na kitabu ni chake, neno kwa neno. Nilitaka kukiiba."

Mama Pélagie akampaka unga paji la uso na kifua, akaita, "Apollinaire!" Isidore akaitika. Akaita mara ya pili, akaitika. Mara ya tatu kikohozi kikasikika kirefu, kikalegea, kikakatika. Upepo ukapita ndani ya nyumba na kutoka, na Adrienne aliyekuwa dirishani akasema harufu imekwisha. Umeme uliporudi walifungua faili pamoja: kurasa zote safi, na juu ya ule wa kwanza jina la Apollinaire. Wanawake wakapiga vigelegele.

Marthe alimsogelea aliyekuwa shemeji yake, akainama karibu na sikio lake. Hakuwa na hasira. Afadhali angekuwa nayo.

"Alijua unageuza uso," alisema polepole. "Jumapili za mwisho, ikisikika kengele ya misa, alikuwa ananiambia, 'Mama, funga pazia. Mudogo wangu anapita sasa, asione haya.'"

Watoto wa Marthe walikuwa wamejipanga mbele ya mkeka, kama walivyofundishwa, wamwamkie baba yao. Mdogo kuliko wote akampa mkono na kumwita Papa. Isidore aliushika mkono ule, akaitika, na macho yake hakuweza kuyainua.