Mbio Zilizorekodiwa Mara Mbili

Yaliyomkuta rafiki yangu mshonaji mpaka leo yananikosesha usingizi. Mumewe alitoka asubuhi kukimbia, saa ya mazoezi mkononi, simu akaiacha kitandani. Hakurudi. Wiki nzima mwanamke wa watu hali, halali, anazunguka kumtafuta.

Jioni moja umeme ulikatika. Alikuwa sebuleni na shemeji yake, mdogo wa mumewe, wakichungulia programu ya mazoezi kwenye simu ile. Mbio za asubuhi ile zilionekana mara mbili.

“Moja imetoka kwenye saa, nyingine kwenye simu,” shemeji akasema. “Zimejirudia tu. Nifute moja?”

“Usiguse, shemeji! Ndicho nilichobakiwa nacho.”

Akazifungua mwenyewe. Ya saa ilikatikia darajani, pale walipotafuta mpaka wakachoka. Ya simu ilifuata njia ileile, ikafika darajani, kisha ikageuka na kuanza kurudi mtaa kwa mtaa.

“Lakini simu haikutoka humu ndani,” akanong’ona.

Shemeji alikuwa akitazama ncha ya mstari, ambayo bado ilikuwa ikisogea. Ikaingia mtaani kwao, ikasimama kwenye jengo lao.

Ndipo wakasikia raba zikipanda ngazi gizani, na mtu akihema.

“Baba watoto!” Akaukimbilia mlango, akaufungua kwa pupa, akamulika kwa simu. Ngazi zilikuwa tupu kabisa. Ila kule kuhema hakukukoma. Kulikuwa palepale mbele yake, na pumzi zilimpiga usoni, zenye joto.