Ukurasa wa Arobaini na Moja

Meneja utumishi alikutwa amekufa kwenye sakafu ya ofisi yake saa mbili asubuhi, kisogo kimepasuka. Kando yake ililala mashine nzito ya kutobolea karatasi, imetapakaa damu iliyokauka tangu jana jioni.

Inspekta alivaa glavu, akaliendea faili lililokuwa wazi mezani. Lo! Kila mfanyakazi alikuwamo: nani kalalamika mtandaoni, nani kajipiga picha harusini siku aliyoomba ruhusa ya ugonjwa. Kurasa zilitiwa nambari kwa mkono. Wa arobaini na moja ulikuwa umenyofolewa.

"Nani hukusanya uchafu huu?"

"Mimi," alijibu karani wa masjala, mama wa makamo. "Kila asubuhi, kabla ya chai, napita kwenye kurasa za wenzangu mtandaoni. Chochote kinachoisema kampuni vibaya, nachapa."

"Na roho haikukusuta?"

"Nina watoto watatu, afande."

Inspekta alitazama orodha mwanzoni mwa faili. Arobaini na moja: Feni Mbovu. Jina la utani tupu. Akatoa simu, akalitafuta. Sasa na yeye alikuwa anachungulia ya watu, na ilimkera kwelikweli.

Andiko la mwisho lilikuwa la miezi miwili nyuma: "Ghalani tunaokwa kama mikate, bosi ana feni nne peke yake." Chini yake, rambirambi tele na picha ya mazishi. Aliyeshikiliwa na wanawake wawili kando ya kaburi ni karani huyuhuyu.

"Feni Mbovu ni nani wako?"

Mama aliketi bila kukaribishwa. "Mdogo wangu. Kitinda mimba wetu. Alikuwa mpakiaji humu."

"Ukamuuza ndugu yako?"

"Sikujua ni yeye! Nilicheka hata, halafu nikachapa. Meneja akachimba mpaka akampata, akamfukuza. Wiki ya pili mtoto wa watu akanywa sumu. Jina lile nimelijua msibani, wenzake wa ghalani wakimlilia kwalo."

"Na jana jioni?"

"Nilimwomba ile karatasi tu, nikaichome. Akainyofoa bila ubishi. Akaniambia, 'Chukua, dada. Kazi nzuri uliifanya mwenyewe.' Kisha akanigeuzia mgongo."

"Ukampiga kwa dharau ile."

"Dharau zake nilishazizoea, afande." Alinyoosha mikono afungwe pingu. "Nilimpiga kwa sababu alisema kweli."